Ndugu Yangu Ng'ambo ya Waya

Mama yangu hakuijua raga. Mpaka anaingia kaburini hakujua kwa nini mpira ule una umbo la yai, wala kwa nini wanaume wazima wenye wake na watoto wanarundikana juu yake kama wamedondosha pete. Lakini mechi kubwa yoyote pale uwanja wa Newlands, Mama yupo. Anavaa koti lake jeusi la kwendea mazikoni, anajifunga kilemba cheupe kilichopigwa pasi, anabeba kikapu cha sambusa, halafu anapanda safu ya juu kabisa ya kizimba chetu watu wa rangi na kukaa upande, uwanja kaupa bega.

"Bibi Gawa, mchezo uko huku!" watu wakimtania.

"Nausikia," anajibu, anatabasamu, na macho yake hayatoki ng'ambo ya waya, kwa Wazungu.

Sisi wa nyumbani tulijua anatafuta nini kule. Anamtafuta mwanawe.

Ndugu yangu Igsaan alivuka. Hivyo ndivyo tunavyosema kwetu Cape Town, amevuka, basi, na kila mtu anaelewa. Alizaliwa mweupe, nywele laini za kahawia, macho ya kijivu aliyoyarithi kwa babu mmoja wa Kiholanzi ambaye hakuna aliyemwalika. Mimi dada yake nikatoka rangi ya mdalasini. Tumbo moja, baba mmoja, usije ukaniletea maneno. Alipofika umri wa kazi alikwenda kuomba nafasi kwenye karakana ya reli. Karani akamtazama usoni, hakuuliza kitu, akamwandika Mzungu. Igsaan hakumsahihisha. Akapewa kazi ya Wazungu, akaanza kuingia kwa mlango wa mbele na kukalia benchi la bustanini bila kufukuzwa, na kufumba na kufumbua akawa anaitwa Ivan. Akaoa binti wa Kikaburu, Elsa. Wakapata wasichana wawili. Mama hajawahi kuwashika hata kidole.

Na mtu akishavuka, humsalimii. Hiyo ndiyo desturi yetu. Ukikutana naye barabarani unamtazama kama unavyotazama nguzo ya taa, unapita zako, hata kama ulimnyonyesha. Kwa sababu salamu moja tu kutoka kwa mtu wa rangi yangu, mbele ya bosi au mkwe, yatosha. Serikali inamwita, wanamchomeka penseli nywelini waone kama itadondoka kama kwa Mzungu au itang'ang'ania, wanamkagua kucha, na akirudi nyumbani hana kazi, ndoa yake ni kosa la jela, na wanawe hawana shule ya kusoma. Kwa hiyo tulinyamaza. Mtaani kwetu walikuwapo wanawake waliokaa miaka bila kusemezana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, wakitukanana mpaka marehemu, lakini mtoto wa mwenzio aliyevuka hakuna aliyemgusa hata kwa fumbo.

Mama aliifuata desturi hiyo kama ibada. Mimi niliifuata kwa hasira. Nasema wazi, nilikuwa nimemchukia ndugu yangu. Nilikuwa nikikaa kwenye mashine kiwandani, nashona makola ya mashati ya Wazungu, najisemea pengine hili atavaa yeye, na pedali naikanyaga kwa nguvu mpaka msimamizi ananiuliza, "Galiema, umegombana na nani leo?"

Kitu kimoja tu Igsaan alikuwa akikifanya. Kila Idi asubuhi, watu wakishatoka kuswali, gari lake dogo la bluu lilipita mtaani kwetu polepole. Halisimami. Mama anakuwa mlangoni na nguo zake mpya. Gari likishapinda kona anaingia ndani kukaanga, na siku nzima anaimba.

Sasa mwaka ule wa 1970 walikuwa wanatubomoa. District Six, mitaa yetu yote, ilikwisha kutangazwa kuwa ya Wazungu, matingatinga yakija mtaa kwa mtaa, leo kwa akina fulani, kesho kwenu. Sisi tulipangiwa Hanover Park, huko mchangani kusikokuwa na mti wala msikiti, na tuliambiwa tuwe tumeondoka kabla ya Ramadhani.

Mama hakulia kwa ajili ya nyumba. Usiku ule baada ya kupata habari alikaa kitandani kwangu akaniambia, "Liema, Idi atapita, atakuta kifusi."

"Na apite. Si ndiyo anachokijua, kupita?"

"Nani atamwambia tulikokwenda? Hawezi kumuuliza mtu. Mimi siwezi kwenda kwake, siwezi kumpigia simu kazini. Akikuta kifusi, ndiyo basi. Sitamwona tena."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, nikamwangalia uso, nikamsogezea blanketi miguuni. Basi yeye mwenyewe akanipa mpango aliokuwa ameupika kichwani. Wageni wa Nyuzilandi wanakuja kucheza na Boks, timu ya taifa ya Wazungu wetu, pale Newlands. Mvulana yule tangu mdogo hakosi raga. Tutamtafuta kwa macho, na mechi ikiisha tutakwenda kusimama karibu naye pale kwenye kivuko cha reli, ambapo Wazungu na sisi hulazimika kupita njia moja kabla ya kuachana kwenye mabehewa. Hatutamsemesha. Tutasemezana sisi kwa sisi, kwa sauti, kama wanawake wanaopiga soga. *Hivi Liema, ile nyumba yetu mpya ni mtaa gani vile?* Nami nijibu, kila kitu, mpaka mlango. Yeye atasikia, atakwenda zake.

"Utanisaidia?" akauliza.

"Nitakusaidia wewe, Mama. Yeye simsaidii."

"Haya. Nisaidie mimi."

Lazima niwaambie kuhusu wageni wale, maana bila wao yote yaliyotokea yasingetokea. Sisi watu wa rangi wa Cape tulikuwa mashabiki wa Nyuzilandi tangu babu zetu. Boks hawakuwa timu yetu. Wangekuwaje timu yetu, na baba yangu aliyekuwa winga mwenye mbio za kutisha alicheza maisha yake yote kwenye viwanja vya changarawe, magoti yamechunika, kwa sababu jezi ya kijani haikuvaliwa na ngozi yake? Basi yeyote aliyewafunga Boks alikuwa ndugu yetu. Wapo wenzetu waliotusema, na walisema kweli, kwamba kulipa kiingilio ili ufungiwe nyuma ya waya ni kujidhalilisha. Siku ile walisimama nje ya geti wakatuzomea. Mimi nilipita nimeinamisha kichwa, lakini nilipita. Ulikuwa ni ugonjwa.

Na mwaka ule kulikuwa na jambo halijawahi kutokea. Zamani serikali yetu iliwakatalia wageni kuja na wachezaji wao wa rangi. Waje weupe watupu au wasije. Safari hii wakakubali, ila eti wale Wamaori, wenyeji wa asili wa kule, na kijana mmoja wa asili ya visiwa vya Pasifiki wapewe Uzungu wa heshima kwa muda wa ziara. Uzungu wa heshima! Kaka Doela, muuza samaki wa mtaani kwetu aliyekuwa na tarumbeta na mdomo mbaya kuliko tarumbeta, alicheka mpaka akakaa chini kwenye mapipa yake. "Kumbe unagawiwa?" akawa anauliza kila mteja. "Mimi siwezi kuandikiwa wa Jumamosi moja tu, nikaoge baharini kule kwenye mchanga mzuri?"

Jumamosi ikafika, baridi ya Agosti, mlima umejifunika wingu. Kizimba chetu kilijaa mpaka watu wakakaa mabegani mwa watu. Hakina paa. Upande wa pili wa waya, jukwaa la Wazungu, mablanketi, chupa za chai, kofia za kijani. Mama akapanda juu kwenye nafasi yake, akaanza kazi yake ya macho. Haikuchukua muda akanishika mkono kwa nguvu.

"Yule pale. Karibu na waya. Koti la kahawia."

Alikuwa yeye. Amenenepa kidogo. Karibu naye alikaa mzee mrefu wa Kikaburu mwenye kofia ya kijani na utepe kifuani, amemwekea mkono begani kama mtu na mwanawe. Mkwe wake. Nikageukia uwanja.

Timu zikatoka, wageni weusi kwa jezi, na katikati yao wale wenye ngozi yetu. Wakacheza ngoma yao ya vita, wakipiga mapaja. Kaka Doela aliishusha tarumbeta yake, na mtu mwenye mdomo ule nikamsikia ananong'ona, "Ya Rabi, watazame."

Sijui nilielezeje. Nyasi zile za Newlands watu wa rangi yangu walizikata, walizimwagia maji, walizifagia majani alfajiri. Kuzikanyaga kwa viatu vya mchezo, mbele ya Wazungu maelfu kwa maelfu, na wimbo wa taifa kupigwa na wewe umesimama wima, hilo halikuwahi kuonekana. Nami nililiona kwa macho yangu haya.

Mchezo ulikuwa mgumu. Boks walikuwa wameshinda mechi ya kwanza kule Pretoria na walikuja kumaliza udhia. Wanaume walipigana vikumbo mpaka mvuke ukawatoka vichwani. Sisi tunaimba, wao wanaturushia machenza ng'ambo ya waya, sisi tunayadaka na kuyala.

"Ahsante, bosi!" Kaka Doela akapaza sauti. "Mwakani leta na ndizi!"

"Rudini kwenu!" mmoja akajibu.

"Kwetu mmekubomoa juzi! Tupe basi funguo za kwako!"

Kicheko kilitushika mpaka safu yetu ikayumba. Mama tu ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama koti la kahawia.

Kisha kijana yule wa visiwani akapata mpira. Winga, mdogo, wanasema hata ishirini hajatimiza. Alikuwa upande wetu kabisa, kando ya waya. Kaburu wa kwanza akamwendea, akakuta hewa. Wa pili akamshika kiuno, kijana akajinyonga kama samaki, akachomoka. Wa tatu alipigwa chenga akakaa chini na miguu imeachana. Kijana akaja mbio mbele yetu, karibu hivi hata kule juu ukadhani unaisikia pumzi yake, shingo ile ya kahawia inang'aa jasho, na watu wazima waliokuwa karibu nami wakaanza kulia. Simzungumzii mtu mmoja. Wanaume. Walimwangusha hatua chache kabla ya mstari, hakufunga, na wala haikujalisha. Kizimba kizima kilipiga takbiri. Hata Wakristo wetu walipiga takbiri.

"Masha Allah," nilikuwa nasema, "masha Allah, masha Allah," nimekuwa kama santuri iliyokwama.

Hapo ndipo nilipomwona Igsaan. Jukwaa lao lilikuwa linanung'unika, wengine wanapiga makofi ya shingo upande, na neno lile baya la kutuita sisi likaruka hewani kwa ajili ya yule kijana. Mkwe wake naye alisema kitu, akacheka, akamgonga begani. Igsaan hakucheka. Alikuwa ameinama, uso kwenye viganja vyote viwili.

"Anaumwa?" Mama akauliza.

Sikujua.

Zikaja dakika za mwisho. Boks wakapata penalti, wakapiga, ikapita. Nane kwa sita. Jukwaa lao lilisimama lote, kofia zikaruka, wakaanza kuimba kale kawimbo kao wakitugeukia sisi, wakitupungia mikono ya kwaheri. Kizimbani watu walikaa. Nakwambia ilikuwa kama msibani. Kaka Doela alikuwa anaifungia tarumbeta kwenye mfuko.

Halafu mpira ukatoka kwenye rundo la watu, jezi nyeusi moja, ya pili, ya tatu, ukafika kwa pande moja la mtu mwenye miguu kama nguzo za daraja. Akaenda. Walimrukia wawili akaenda nao. Akatumbukia kwenye kona na mpira kifuani, na refa akanyoosha mkono juu.

Trai. Pointi tatu. Tisa kwa nane.

Sisi tuliruka mpaka mbao zikalia. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua mpaka leo. Na ng'ambo ya waya kikashuka kimya ambacho sijakisikia tena duniani, maelfu ya watu wamefungwa midomo. Katikati ya kimya kile, mtu mmoja akasimama. Koti la kahawia. Mikono yote miwili juu, kichwa nyuma, anapiga kelele za furaha peke yake, machozi yanamtiririka.

"Hebu mwoneni kaburu lile, limepata wazimu!" alisema Kaka Doela, anacheka. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Alikuwa amemuuzia mtoto yule samaki tangu akitumwa na senti mkononi.

Nikaona kumbukumbu inapita safu kwa safu. Mtaa wetu wote ulikuwa pale kizimbani. Mwalimu wake wa madrasa alikuwapo. Wavulana aliocheza nao changaraweni walikuwapo. Walimjua, mmoja baada ya mwingine, na kule aliko Wazungu nao walikuwa wanageuka, vidole vinaanza kunyooshwa, mtu anauliza wewe vipi, wewe uko upande gani.

Basi wallahi, bila mtu kutoa amri, kizimba kizima kiligeuza uso. Kwa pamoja. Watu mia na mia walimpa mgongo mwana wa Bibi Gawa, wakatazama kule mbali, kwenye nguzo za goli. Kaka Doela akatoa tarumbeta mfukoni, akapuliza mpaka mishipa ikamtoka, akaanza kuwatukana Makaburu wa upande wa pili kabisa wa jukwaa, matusi mapya, ya kuchekesha, mpaka wakaanza kumrushia chupa yeye. Chupa moja ilimpasua nyusi. Hakunyamaza. Wazungu wote wakamtazama yeye, na Igsaan akawa amesahauliwa, akakaa.

Mimi niliyekuwa nimemchukia nilisimama pale nimepigwa na bumbuwazi. Watu waliovunjiwa nyumba walikuwa wanamlinda aliyewakimbia. Nilijaribu kukasirika nikashindwa.

Kipenga kilipolia Mama alikuwa tayari ameshuka ngazi.

"Twende kivukoni," akasema. "Kumbuka utakavyojibu."

Tulifika mapema tukasimama kando ya reli. Watu wakaja, mto wao na mto wetu, inachanganyikana pale kwenye kivuko kwa sababu hakuna njia nyingine, kila mtu anajifanya hamwoni mwenzake. Kaka Doela alikuwa nyuma yetu, kitambaa cha damu usoni. Nikaliona koti la kahawia. Mkwe wake alikuwa anaongea kwa hasira, nadhani ilikuwa kuhusu refa. Walipofika karibu Mama alishusha pumzi, akapandisha sauti.

"Hivi, Liema mwanangu," akasema, "ile nyumba yetu mpya..."

Igsaan akasimama. Watu wa nyuma wakamgonga mgongo. Akamtazama Mama moja kwa moja usoni.

"Asalaam aleikum, Mama," akasema.

Nyinyi mnajua salamu ile haiachwi bila jibu. Nilimwona Mama midomo inafunguka, kisha akamwona yule mzee wa kofia ya kijani, akaifunga. Hakuitika. Mwanamke ambaye hata mlevi akimtolea salamu anaitika, hakuitika.

Mzee wa Kikaburu akatutazama, akamtazama mkwewe. Hakuwa na ubaya usoni, lazima niseme haki. Alitabasamu hata.

"Unamfahamu mama huyu, Ivan? Ni yaya wako wa zamani, siyo?"

Hapo palikuwa pametosha. Mlango ulikuwa wazi, mzee mwenyewe ameufungua. Wazungu wengi wana yaya wa rangi yetu waliowalea, wanawasalimu, wanawapa hata sarafu ya Krismasi, hakuna sheria inayovunjwa. Na Mama aliuona mlango ule haraka kuliko sisi sote. Akapiga goti kidogo, hivi, kama wanavyopiga.

"Ndiyo, bwana mkubwa," akasema. "Mimi ndiye yaya wake. Nilimlea akiwa mdogo. Alikuwa mtoto mzuri. Nendeni salama, bwana."

Na alitabasamu. Mama yangu, aliyemtafuta mtoto yule ng'ambo ya waya miaka yote, alitabasamu akamwita mtu baki. Nilikuwa nimeona mambo mawili matatu makubwa siku ile. Hilo liliyapita yote.

"Haya, mama, ahsante," mzee akasema. "Twende, Ivan."

Igsaan hakwenda.

"Siyo yaya," akasema. Hakupaza sauti. "Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa. Na huyo ni dada yangu, Galiema. Mimi naitwa Igsaan."

"Igsaan, nyamaza," Mama akamwambia kwa sauti ya chini, kali. "Wanao. Wafikirie wanao."

"Nawafikiria wao, Mama."

Mzee alibaki ameangalia mkono wake, ule uliokuwa begani kwa mkwewe saa nzima. Rangi ilimtoka. Watu walikuwa wanatupita kushoto na kulia, wetu wanapita bila kugeuka, na kila mmoja, najua, masikio yamesimama.

"Elsa anajua?" mzee akauliza hatimaye.

"Hajui. Namwambia mwenyewe leo, nikifika. Naomba uniachie nimwambie mimi."

Mzee aliikaza kofia yake kichwani, akavuka reli peke yake, akaenda kwenye mabehewa yao. Sikujua angefanya nini, hakuna aliyejua.

Mama akainua mikono yote miwili akamshika Igsaan uso. Akampapasa mashavu, nyusi, masikio, kama kipofu.

"Waalaikum salaam, mwanangu," akasema. "Waalaikum salaam. Umenenepa."

Basi Igsaan akalia. Kaka Doela akavua tarabushi yake, akasimama nayo kifuani, damu inamchuruzika.

"Nimepita jana mtaani," Igsaan akasema. "Nikaona nyumba ya jirani zenu akina Toffie imelala chini. Nikahesabu, nikaona zamu yenu imekaribia. Sikulala, Mama. Mnahamia wapi?"

Mama alifungua mdomo. Maneno aliyoyakariri wiki nzima, kitandani, jikoni, kwenye mkeka wa swala, yote yalikuwa yamemwishia. Akanigeukia mimi. Naye Igsaan akanigeukia, na macho yale ya kijivu yalikuwa yanaogopa, na aliyekuwa anamwogopa ni mimi.

"Hanover Park," nikamwambia. "Nyumba ya mwisho pembeni, mkabala na shule. Njoo Idi. Uje na wasichana, nataka kuwapima, niwashonee magauni."